Lisboa kwa miguu: chagua hoteli kwa kupima safari ya kurudi

Watu wengi wakitafuta hoteli Ulaya huanza na swali la umbali: ni kilomita ngapi kutoka katikati ya mji? Mimi huanza na saa nne usiku. Umezunguka tangu asubuhi, viatu vimekubana, mkononi una chupa ya maji na mfuko wa matunda uliyoyanunua njiani. Kutoka pale ulipo hadi kitandani, utapita wapi? Hoteli inayolijibu swali hilo vizuri itakufaa asubuhi na mchana pia. Isiyolijibu itakufanya, kuanzia siku ya pili, uanze kukata sehemu za kwenda kwa sababu tu unaogopa kurudi.

Nitaeleza kwa mfano wa Lisboa, mji mkuu wa Ureno. Naupenda mji huu na huwa nakwenda na mama yangu, ambaye magoti yake ni mabovu lakini hamu yake ya kuona mambo haijapungua hata kidogo. Kabla ya kuhamia Ulaya nilifanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Mji Mkongwe, Unguja, kwa hiyo najua hoteli zinavyojieleza kwenye matangazo, na najua ni maswali ya aina gani hupata majibu ya kweli. Tena Lisboa ni mji mgumu kwa jambo hili. Ukiweza kuchagua vizuri hapa, miji mingi mingine itakuwa rahisi kwako.

Anza na unachotaka kuona, hoteli baadaye

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya hoteli, fungua ramani kwenye simu na utie alama kila mahali unapotaka kwenda. Kwa Lisboa, mgeni wa mara ya kwanza kwa kawaida atakuwa na uwanja wa Rossio, Praça do Comércio kando ya mto Tejo, mitaa ya Chiado, kasri la São Jorge, vichochoro vya Alfama, na Belém.

Halafu zitenge alama hizo mafungu mawili: za kwenda kwa miguu na za kwenda kwa chombo. Belém iko kama kilomita sita magharibi ya Rossio, hivyo itabidi upande tramu namba 15 au treni kutoka stesheni ya Cais do Sodré. Mtu wa pwani yetu akifika Lisboa haachi kwenda, maana Vasco da Gama, yule aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498, amezikwa pale katika kanisa la monasteri ya Jerónimos. Mama alisimama mbele ya lile kaburi muda mrefu bila kusema neno. Lakini usipange hoteli Belém kwa ajili hiyo. Ni mahali pa kushinda, na jioni panatulia mno kwa mtu anayetaka kutoka baada ya chakula. Sintra nayo ni treni ya kama dakika arobaini kutoka stesheni ya Rossio, na Cascais ni muda kama huo kutoka Cais do Sodré.

Ukishatenga hivyo utaona kitu: alama za miguu zimejikusanya mahali pamoja, na vyombo vya kwenda mbali vinaanzia Rossio na Cais do Sodré, mwendo wa robo saa kati yao, njia tambarare. Eneo hilo ndilo la kuzungukia unapotafuta.

Ramani haioneshi kilima

Hapa ndipo Lisboa inapowachosha wageni, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mtaa wa Baixa uko bondeni, kati ya vilima viwili. Mashariki kuna kilima cha kasri, na Alfama na Mouraria zimeshikilia ubavuni mwake. Magharibi unapanda Chiado, na juu zaidi Bairro Alto. Baixa yenyewe iliangamizwa na tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755, na Marquis wa Pombal, waziri wa mfalme, akaisimamia ijengwe upya kwa mitaa iliyonyooka, ndiyo maana kutembea ndani yake ni raha. Alfama ilinusurika kwa sehemu kubwa, na vichochoro vyake bado vinafuata mwamba ulivyo.

Sasa chukua hoteli iliyotangazwa kuwa iko mita 500 kutoka katikati ya mji. Umbali huo kwenye tovuti mara nyingi hupimwa kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, kutoka nukta ambayo tovuti yenyewe imeichagua. Kilele cha kilima cha kasri kiko kama mita 100 juu ya mto, sawa na jengo la ghorofa thelathini na zaidi. Mita 500 za Baixa ni matembezi ya kutazama vioo vya maduka. Mita 500 za kupanda kuelekea kasri, saa nne usiku, ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwenye Google Maps omba njia ya miguu kutoka Rossio kwenda hotelini, wala usiombe kutoka hotelini kwenda Rossio. Watu huomba ile ya pili kwa sababu ndivyo siku inavyoanza, na kushuka hakujaonesha ubaya wowote. Ukiomba ile ya kurudi, simu itakuonesha unapanda mita ngapi. Kwa mtu mzima mwenye afya, mita ishirini za kupanda si kitu. Zikizidi arobaini, jiulize utakubali kuzipanda mara mbili kwa siku. Kwa mama yangu mpaka wetu ni mita kumi na tano, na hatujadili zaidi ya hapo.

Kisha iangalie njia kwa picha za mtaani za Google, ukianzia mita mia tatu za mwisho. Isogeze picha hatua kwa hatua hadi mlangoni. Tazama kama njia ni ngazi, kama kuna reli ya kushika, kama kuna taa, kama gari linaweza kufika. Pale Mji Mkongwe tulizoea kumpelekea mgeni hamali na mkokoteni hadi pale teksi ilipoishia. Alfama ina vichochoro vya namna ileile, ila usitarajie mkokoteni, sanduku utalibeba mwenyewe.

Anwani nayo inasema mengi ukiijua kuisoma. Jina la mtaa likianza na Escadinhas, ni ngazi. Likianza na Calçada, mara nyingi ni mtaa wa mwinuko mkali. Beco ni kichochoro, pengine hakina mbele. Rua (mtaa) na Avenida (barabara pana) kwa kawaida zina nafuu, lakini hazina dhamana: Rua da Bica de Duarte Belo ni rua kwa jina, na mwinuko wake ni mkali hata ikabidi wajenge gari la kuvutwa kwa kamba ya chuma, mwaka 1892.

Mfano wa kuuona kwa macho ni Calçada do Duque. Inaanzia jirani na stesheni ya Rossio na kupanda kuelekea Bairro Alto. Kwenye ramani ni kistari kifupi. Ukifika unakuta ngazi pana za mawe, kituo cha kupumzika, ngazi tena, kituo tena, na meza za mikahawa zimepangwa kwenye vile vituo. Mawe ya katikati yamelainika kwa miguu ya watu, kwa hiyo wenyeji hupita pembeni. Tulipofika kituo cha kwanza mama alikaa, akageuka kutazama kasri lililokuwa linawaka jua la jioni upande wa pili wa bonde. “Mwanangu, hoteli yetu iko huko juu?” Nikamwambia, “Hapana mama, iko kule chini tulikotoka.” “Basi nipe mkono, tupande tukaone.” Kwa sababu hakuwa na deni la kupanda baadaye, alikuwa tayari kupanda sasa. Hii ndiyo faida ya kulala bondeni: vilima unavipanda kwa kupenda.

Njia za kupanda bila kupanda

Ukilala Baixa bado utataka kufika juu, na mji una misaada yake. Stesheni ya metro ya Baixa-Chiado iko chini sana ardhini na ina milango miwili: mmoja uko Rua do Crucifixo bondeni, mwingine unatokea juu Chiado karibu na mkahawa wa A Brasileira. Kati yake kuna ngazi za umeme ndefu, nawe unaweza kuzitumia bila tiketi, kama njia ya mtaa tu. Hoteli iliyo karibu na mlango wa Crucifixo inakupa Chiado kwa dakika chache.

Upande wa kasri, Rua dos Fanqueiros kuna lifti ya bure ndani ya jengo la kawaida. Inakupandisha hadi Rua da Madalena. Ukivuka na kutembea kidogo unafika Chão do Loureiro, jengo la maegesho lenye supamaketi chini, na lifti yake inakufikisha karibu na Costa do Castelo. Kwa lifti hizo mbili sehemu kubwa ya kilima umeshaimaliza. Kwa sababu hiyo upande wa mashariki wa Baixa, yaani Rua dos Fanqueiros na Rua da Prata, ndio ninaoupendelea kuliko Rua Augusta yenyewe. Augusta ina makelele ya wahudumu wanaokuvuta uingie mikahawani mwao, na hutakosa chochote ukiwa mtaa mmoja pembeni.

Lifti maarufu ya Santa Justa, ya mwaka 1902, usiihesabu kama usafiri. Foleni yake ni ya watalii, na inaweza kukula nusu ya asubuhi. Na magari ya kamba pia usiyapangie hoteli: baada ya ajali ya gari la kamba la Glória ya Septemba 2025, iliyoua watu 16, huduma hizo zilisimamishwa, kwa hiyo hakikisha kwanza kama linalokuhusu linafanya kazi. Tramu namba 28 hujaa sana, na wezi wa mifukoni wanaijua. Hoteli inayojisifu kuwa “tramu 28 inapita mlangoni” inakuambia kwamba iko mlimani, na kwamba utasikia magurudumu ya chuma tangu asubuhi.

Mtaa kwa mtaa

Kwa safari ya kwanza, Baixa na kingo zake ndiyo chaguo langu, na sisiti kulisema. Wapo watakaokuambia Baixa ni ya watalii. Ni kweli. Lakini hukwenda kuhamia, unakwenda kuuona mji kwa siku nne au tano, na unahitaji mahali pa kurudi mara nyingi.

Chiado ni pazuri zaidi kwa macho, na bei yake inalijua hilo. Iko nusu ya mlima, hivyo soma mita za kupanda kwa kila hoteli, moja moja. Sehemu ya chini ya Avenida da Liberdade, kuanzia Restauradores, ina vivuli vya miti na mwinuko wa polepole usiouhisi sana. Hapo shida ni mitaa ya pembeni: ukiingia kulia au kushoto hatua mia tu unaweza kukutana na ukuta wa kilima.

Martim Moniz na Intendente ningependa zitajwe zaidi kwa watu wetu. Ni mwendo wa dakika tano hivi tambarare kutoka Martim Moniz hadi Praça da Figueira, uwanja ulio jirani na Rossio, bei ni nafuu, metro ya mstari wa kijani iko palepale, na Rua do Benformoso imejaa migahawa ya halali ya watu wa Bangladesh na Pakistani. Mama alikula biriani pale akaridhika. Kuna watu wa kila nchi, kuna kelele za biashara, na usiku kuna kona ambazo peke yako hungependa kukaa. Chagua hoteli inayotazama uwanja au barabara kubwa ya Almirante Reis badala ya iliyojificha ndani ya Mouraria.

Cais do Sodré ni tambarare, treni na feri zipo, lakini Rua Nova do Carvalho, ule mtaa uliopakwa rangi ya waridi, ni vilabu hadi alfajiri. Bairro Alto ni vivyo hivyo: mchana kimya, usiku watu wamesimama barabarani na vinywaji vyao. Kama wewe ndiye unayekwenda kusimama huko, sawa. Kama una mzee au mtoto, acha.

Alfama ninaipenda kwa moyo wote na silali huko na mama. Tarehe 12 kuamkia 13 Juni, usiku wa Mtakatifu Antonio, wenyeji huchoma dagaa wakubwa mitaani na kuimba hadi kunakucha. Na shamrashamra za namna hiyo huendelea sehemu kubwa ya mwezi huo. Ni furaha ya kwenda kuiona, kisha ukashuke kulala bondeni.

Saldanha na mitaa ya jirani ni chaguo ambalo halisifiwi ipasavyo. Ni juu lakini ni tambarare, barabara pana, hoteli za kisasa zenye lifti kubwa, na metro nyekundu inatoka uwanja wa ndege moja kwa moja bila kubadilisha. Bustani ya Gulbenkian iko karibu, na msikiti mkuu wa Lisboa, uliofunguliwa mwaka 1985, uko upande wa Praça de Espanha. Ukubwa wa tatizo ni kilomita tatu hivi hadi Baixa, kwa hiyo kurudi mchana kunakuwa safari ya metro. Parque das Nações, eneo lililojengwa kwa maonesho ya Expo 98, ni safi na liko karibu na uwanja wa ndege, ila kwa matembezi ya mji wa kale halikusaidii.

Kurudi mchana ndiko unakokulipia

Hoteli ya mbali ikiwa nafuu kuliko ya karibu kwa yuro ishirini kwa usiku, watu hupiga hesabu ya nauli na kuona wamefaidi. Nauli ya metro ni chini ya yuro mbili, kweli si nyingi. Lakini hesabu haijagusa kitu chenyewe. Lisboa kiangazi jua linaweza kufika nyuzi 35, na mwezi wa Juni halizami hadi saa tatu usiku imepita. Siku ni ndefu mno kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Sisi huamka, tunatoka mapema, adhuhuri tunarudi, mama anaswali, ananyoosha miguu, mimi nachaji simu na kuacha vitu tulivyonunua. Baada ya alasiri tunatoka tena, na ile jioni ndefu inakuwa yetu yote. Ukilala dakika arobaini mbali, hutarudi mchana. Utakaa mkahawani kununua kinywaji usichokitaka ili upate kiti.

Kwa hiyo ukilinganisha bei, jiulize: je, nitarudi mchana? Kama jibu ni ndiyo, hoteli ya karibu inakupa siku mbili kwa bei ya moja, hata chumba kikiwa kidogo. Mimi huchagua chumba kidogo mahali pazuri kuliko kikubwa mahali pabaya, siku zote. Ongeza pia kodi ya mji, ambayo tangu Septemba 2024 ni yuro 4 kwa kila mtu kwa usiku, kuanzia umri wa miaka 13, kwa siku saba za mwanzo. Mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona mtandaoni.

Siku ya kufika

Ukitoka uwanja wa ndege kwa metro utapanda mstari mwekundu, ubadilishe Alameda kuingia wa kijani, kisha ushuke Rossio au Baixa-Chiado. Metro inafanya kazi tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa saba usiku. Ndege ikifika baada ya hapo, hesabu teksi. Uwanja wenyewe uko karibu na mji, kama kilomita saba, kwa hiyo teksi haiumizi kama ilivyo Paris au London.

Baada ya kushuka metro ndipo mawe yanapoanza. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vyeupe, na vyeusi vya kutia nakshi. Vinapendeza sana. Magurudumu madogo ya sanduku hunasa kati yake, na mvua ikinyesha, mara nyingi kuanzia Oktoba na kuendelea, vinateleza vibaya. Tafuta hoteli isiyozidi mita 300 kutoka mlango wa metro, na uvae viatu vya soli ya mpira.

Maoni ya wageni, na barua ya maswali matano

Usisome alama za jumla. Tovuti kubwa zina mahali pa kutafuta neno ndani ya maoni. Andika neno la kelele, kisha neno la lifti, kisha la kilima, kwa Kiingereza, na usome yaliyoandikwa mwaka huu. Mgeni anayelalamika kuhusu rangi ya mapazia hanihusu. Anayesema “tulibeba masanduku ghorofa mbili” namwamini papo hapo.

Kisha waandikie hoteli kabla ya kulipa. Nilipokuwa mapokezi, mgeni akiuliza “je, hoteli yenu ni tulivu?” tulijibu ndiyo. Nani angejibu hapana? Lakini akiuliza “chumba kinatazama wapi?” ilibidi tumtajie barabara. Uliza mambo yanayohesabika au yanayotajika kwa jina. Mimi huandika hivi, kwa Kiingereza chepesi:

Kutoka barabarani hadi mapokezi kuna ngazi ngapi? Lifti inaanzia chini kabisa au ghorofa ya juu yake, na inafika ghorofa ya chumba chetu? Chumba kinatazama barabara gani au uani? Teksi inasimama mita ngapi kutoka mlangoni? Mnatunza mizigo kabla ya kuingia na baada ya kutoka?

Swali la lifti ni la muhimu Baixa. Majengo yale ya baada ya tetemeko yamejengwa kwa fremu ya mbao ndani ya kuta ili yahimili mtikisiko, na lifti zimekuja kuingizwa baadaye sana, nyingine ndogo kiasi kwamba mtu na sanduku lake ndio mwisho. Sakafu za mbao pia hupitisha sauti, kwa hiyo omba chumba cha uani, na cha ghorofa ya juu ikiwa lifti inafika. Kwenye anwani za gesti na nyumba za kupanga ukiona R/C, ni chini kabisa usawa wa barabara. “3.º Esq.” ni ghorofa ya tatu mlango wa kushoto, na hiyo ghorofa ya kwanza yao ni ile iliyo juu ya ya chini.

Hoteli ikikujibu kwa ufasaha ndani ya siku moja au mbili, ni dalili njema. Ikikujibu kwa sentensi za matangazo bila namba hata moja, tafuta nyingine.

Kama unaomba viza ya Schengen, utatakiwa kuonesha mahali utakapolala. Weka nafasi inayoruhusu kufuta bila malipo, na soma tarehe ya mwisho ya kufuta, maana majibu ya viza yanaweza kuchelewa kuipita. Na uweke nafasi hiyohiyo unayokusudia kulala. Hoteli nzuri za bondeni hujaa mapema, na ukiweka ya kuombea viza tu kwa nia ya kubadilisha baadaye, utakuta zilizobaki ni zile za mlimani.

Ukienda mji mwingine

Kila mji una kilima chake, hata kama si cha udongo. Venezia hakuna mwinuko, lakini kuna madaraja zaidi ya 400, mengi yana ngazi. Hapo hesabu madaraja kati ya kituo cha boti na mlango wa hoteli, na utafute yenye sifuri au moja. Amsterdam barabara ni tambarare kama meza, kilima kimo ndani ya nyumba: ngazi nyembamba zilizosimama wima, na hoteli nyingi za kando ya mifereji hazina lifti. Porto ni Lisboa ndogo. Kule Ribeira, kando ya mto, kunapendeza, ila kila safari ya kurudi mjini ni kupanda, kwa hiyo tafuta karibu na stesheni ya São Bento au juu kidogo. Roma ni kubwa zaidi ya ramani inavyoonesha, na hapo bei ya kulala jirani na Pantheon inalingana na mapumziko ya mchana utakayoyapata.

Jambo la mwisho ni siku ya kuondoka, ambayo watu hawaihesabu. Utatakiwa kuacha chumba saa tano au sita mchana na ndege yako pengine ni ya usiku. Ukiwa katikati ya mji, mizigo inabaki mapokezi, nawe una nusu siku nzima ya kutembea mikono mitupu, kisha unarudi kuichukua ukielekea metro. Siku hiyo mama huniambia tusiende popote pa maana. Hukaa Praça do Comércio kwenye ngazi za mto, akitazama feri za Barreiro zinavyokwenda na kurudi, hadi nimwambie muda umefika.